Sura ya Sita: Maji Kinywani mwa Mlima

Mkazi wa Kimara, kama walivyo wakazi wengi wa Dar es Salaam, hukua akiyazoea maji ya namna mbili: ya bahari, ambayo hutandaa mbele ya macho hadi yanapokutana na anga, na ya bombani, ambayo huchotwa Mto Ruvu, husafishwa katika mtambo wa Ruvu Juu ulioko Mlandizi, kisha hupandishwa hadi kwenye matangi makubwa ya Kimara kabla ya kusambazwa mitaani. Ardhi ya vilima vya Kimara ni ya mchanga na mfinyanzi uliolazwa na maji katika zama za kale, na mabonde yanayoigawa kati ya Baruti, Korogwe na Temboni yamechimbwa na mvua, wala hakuna mahali ambapo moto wa chini ya ardhi umeacha alama. Kwa hiyo mtu aliyelelewa hapo, anapofika kwa mara ya kwanza kwenye ukingo wa ziwa la volkeno, hukutana na kitu ambacho mazingira yake hayakumwandaa kukitazama, kwa kuwa ziwa la aina hiyo hutazamwa kwa kuinamisha uso, huku miguu ikiwa imesimama kwenye mdomo wa mlima na maji yakiwa yametulia mbali chini yake. Hoja ya sura hii ni kwamba uzuri unaomshangaza mgeni huyo umetengenezwa hatua kwa hatua na historia ya mlima wenyewe, na kwamba historia hiyo imekwisha kuingia nyumbani kwake Kimara kupitia sokoni, jikoni na hata kwenye chupa ya soda, ingawa yeye hajaitambua.

Ni vyema kwanza istilahi zikafahamika, kwa sababu jina la "ziwa la volkeno" hutumiwa kwa vitu vinavyotofautiana sana. Volkeno ni mlima au ufa ambamo zaha, yaani mwamba ulioyeyuka kwa joto kali, hutoka chini ya gamba la dunia pamoja na majivu na gesi, na kasoko ni shimo linalobaki mahali zaha hiyo ilipotokea. Kasoko ikishika maji huitwa ziwa la kasoko. Lakini ziko kasoko kubwa zisizotokana na mlipuko peke yake: zaha nyingi ikitoka kwa muda mfupi, chemba iliyokuwa imeihifadhi chini ya mlima hubaki tupu, na kilele kikikosa wa kukibeba huporomoka na kuzama ndani, hivyo kuacha bonde la mviringo lenye kuta za wima ambalo wanajiolojia huliita kaldera. Aina ya tatu ni matundu madogo yanayofumuka pale zaha inapokutana ghafla na maji yaliyomo ardhini, yakageuka mvuke na kuupasua mwamba, bila mlima wowote kujengeka. Tanzania ina maziwa ya aina zote hizo, kuanzia Duluti lililo Tengeru karibu na Arusha na Empakaai katika nyanda za Ngorongoro, hadi Chala chini ya Kilimanjaro na Ngosi katika milima ya Uporoto mkoani Mbeya. Haifai kuyachanganya na Natron, ambalo limelala sakafuni mwa Bonde la Ufa ingawa Ol Doinyo Lengai uko jirani nalo, wala na Kivu, ambalo lilipata umbo lake la sasa baada ya zaha ya milima ya Virunga kuziba bonde na kuugeuza mkondo wa maji.

Kwa mtu wa Kimara, mawili kati ya maziwa haya yako kwenye barabara ileile anayoivuka kila siku. Barabara ya Morogoro, ambayo mwaka 2016 ilianza kupitisha mabasi ya mwendokasi kati ya Kimara na Kivukoni, na ambayo tangu Februari 2021 ina kituo kikuu cha mabasi ya mikoani pale Mbezi Luis, hugawanyika ifikapo Chalinze. Mkono wa kulia huelekea Segera, Same na Moshi, na mwisho wake, upande wa Rombo, ndiko liliko Chala. Anayekwenda moja kwa moja hupita Morogoro, Mikumi, Ruaha Mbuyuni na kona za Kitonga, akapanda nyanda za Iringa, akapita Mafinga na Makambako, na baada ya kilomita zipatazo 830 akafika Mbeya, ambako Ngosi humngoja mwendo mfupi upande wa kusini. Nchi za upande huo wa kusini si ngeni kwa watu wa pwani. Selim bin Abakari, aliyeandika kwa Kiswahili masimulizi ya safari yake ya Nyasa, ni miongoni mwa waandishi ambao kazi zao zilikusanywa na Carl Velten na kuchapishwa Ujerumani mwaka 1901, na inapendeza kukumbuka kwamba wakati huo Mswahili wa pwani aliyekwenda kuona nchi za bara aliona vema kuandika alichokiona, desturi ambayo wasafiri wa siku hizi wameiachia kamera ya simu.

Eneo ambamo Ngosi limo ni mojawapo ya mafundo makubwa ya jiolojia ya Afrika Mashariki, kwa maana ndipo matawi ya Bonde la Ufa yanapokutana: moja kutoka Ziwa Rukwa upande wa kaskazini-magharibi, jingine kutoka Ziwa Nyasa upande wa kusini, na la tatu kutoka bonde la Usangu. Pale ambapo gamba la dunia linavutwa pande tatu, nyufa hufunguka na zaha hupata njia, na ndivyo zilivyojengeka volkeno kubwa tatu, yaani Ngosi, Rungwe yenye urefu wa karibu mita 2,960, na Kyejo, pamoja na vilima vidogo vya volkeno visivyopungua mia moja vilivyotawanyika kati yake. Kati ya hizo tatu, Ngosi ndiyo iliyopoteza kichwa chake. Mlipuko wake mkubwa wa zaidi ya miaka 10,000 iliyopita ulirusha mawe mepesi yenye matundu, ya aina ileile ambayo watu hutumia kusugulia nyayo, hadi kwenye uwanda wa Kitulo, na mwingine wa karibuni zaidi, ambao watafiti wanaukadiria kuwa ndani ya miaka elfu moja iliyopita, ulimwaga mteremkoni mawingu mazito ya majivu na gesi za moto. Kwa kipimo cha historia ya pwani, mlipuko huo wa pili ulitokea wakati Kilwa ilikwisha kuwa mji wa biashara, jambo linaloonyesha jinsi ilivyo makosa kuihesabu milima ya Uporoto kuwa ni mawe yaliyokufa zamani. Jirani yake Kyejo alitoa zaha miaka ipatayo 200 tu iliyopita.

Kilichobaki baada ya kilele cha Ngosi kuporomoka ni kaldera ambayo ndani yake kuna ziwa lenye urefu wa takriban kilomita mbili na nusu, upana wa kilomita moja na nusu hivi, na kina kinachozidi mita 70. Uso wa maji yake uko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kuta zinazolizunguka zimesimama juu yake kwa mamia ya mita, zikiwa zimevikwa msitu kutoka ukingoni hadi majini isipokuwa pale ambapo mwamba ni wima mno kuweza kushika mzizi. Hakuna mto unaoingia ziwani humo wala unaotoka. Maji huletwa na mvua, na mvua ya ukanda huo ni kubwa kuliko ya sehemu nyingi za Tanzania, kisha hupungua kwa kufyonzwa na jua na kwa kupenya kwenye nyufa za mwamba.

Umbo hilo ndilo linaloeleza kwa nini kuliona Ngosi mara ya kwanza hutofautiana na kuliona Ziwa Viktoria au Tanganyika. Maziwa hayo makubwa hujitangaza kabla mgeni hajayafikia, kwa upepo, kwa mteremko wa nchi, kwa harufu ya samaki na kwa mng'ao unaoonekana kati ya miti. Anayekwenda Ngosi huacha barabara ya Tukuyu katika eneo la Isongole, akapita mashamba ya viazi, kisha akaingia msituni, ambako kwa zaidi ya saa moja hupanda njia yenye utelezi chini ya miti mirefu, mianzi na migomba pori, na katika muda wote huo hakuna dalili yoyote ya maji, kwa sababu mteremko wa nje wa volkeno huinuka kuelekea ziwani badala ya kushuka. Akili ya kawaida, ambayo imefundishwa na mito kwamba maji hukaa chini, humwambia msafiri kwamba anajitenga na ziwa kila anapopiga hatua. Halafu mteremko hukoma ghafla, kwa kuwa ukingo wa kaldera ni mwembamba, na mtu hujikuta hana ardhi mbele yake ila nafasi tupu, ukuta wa msitu ng'ambo ya pili, na chini kabisa maji ya kijani kibichi kinachoelekea bluu. Mshangao huo umo katika umbo la mlima, na waongozaji wa Isongole, wanaojua mahali ambapo miti hufunguka, hawana haja ya kumwambia mgeni lolote.

Rangi ya maji nayo ina sababu zake. Maji yenye kina kirefu hufyonza mwanga mwekundu upesi na kurudisha mwanga wa bluu, huku viumbe vidogo vya mimea vinavyoelea ndani yake na kivuli cha msitu wa kuta vikiongeza ukijani. Na kwa kuwa hakuna mto unaoleta matope, hakuna kinachoyavuruga kama Ruvu inavyovurugwa kila masika. Kuta za kaldera hukinga upepo, na ndiyo maana uso wa ziwa mara nyingi huwa mtulivu kiasi cha kuonyesha mawingu. Wasafwa na Wanyakyusa wanaoishi pande zote za mlima wameliheshimu ziwa hili kwa vizazi vingi, na hadithi zinazosimuliwa kulihusu, za nguvu zilizomo na za viumbe wanaolilinda, hazipaswi kupuuzwa kwa haraka, kwani jamii iliyoishi karibu na mlima uliolipuka ndani ya miaka elfu moja ilikuwa na sababu za kutosha za kuuchukulia kwa tahadhari.

Upande wa kaskazini, Chala lina sifa yake. Liko kwenye mteremko wa mashariki wa Kilimanjaro, mpaka wa Tanzania na Kenya unalikata katikati, kina chake kinazidi mita 90, na sehemu kubwa ya maji yake huja chini kwa chini kutokana na mvua zinazonyesha kwenye misitu ya mlima. Mmisionari Mwingereza Charles New aliyefika mwaka 1871 ndiye anayetajwa kuwa Mzungu wa kwanza kuliandika, na mwaka 1891 Mmarekani May French-Sheldon, aliyesafiri na msafara mkubwa wa wapagazi wa pwani, alishuka kwenye kuta zake na kulizunguka kwa chelezo cha shaba. Vitabu vya wakati ule huandika kana kwamba ziwa halikuwa limeonwa na mtu kabla ya hapo, ilhali wenyeji wa Taveta na Rombo walilijua tangu zamani, na wapagazi waliobeba chombo hicho mabegani waliliona siku ileile aliyoliona bibi huyo. Kwamba hakuna hata mmoja wao aliyeulizwa alionaje ni hasara ya fasihi ya safari. Chala ni makazi ya aina ya perege isiyo na asili mahali pengine popote, ambayo wanasayansi huiita Oreochromis hunteri. Aidha, mashapo yake, yaani matope na vumbi vinavyozama na kujipanga tabaka juu ya tabaka, ni kumbukumbu ya hali ya hewa ambayo ina wenzake wachache barani Afrika: mwaka 2016 watafiti wa mataifa kadhaa walitoboa zaidi ya mita 200 za mashapo hayo na kupata rekodi inayorudi nyuma karibu miaka 250,000.

Ziwa la volkeno lina upande wa pili ambao mtazamaji wa ukingoni hauoni. Zaha iliyoko chini huendelea kutoa gesi hata mlima unapoonekana kulala, na gesi iliyo nyingi kuliko zote, ukiacha mvuke, ni hewa ukaa, ambayo haina rangi wala harufu na ni nzito kuliko hewa ya kawaida. Ikipenya chini ya ziwa lenye matabaka yasiyochanganyika, huyeyuka katika maji ya chini na kujilimbikiza kwa miaka mingi, hadi siku ambapo maporomoko au tetemeko huyapindua maji hayo na gesi ikafumuka yote kwa mkupuo. Hivyo ndivyo ilivyotokea Kameruni katika Ziwa Nyos usiku wa tarehe 21 Agosti 1986, ambapo watu wapatao 1,700 walikufa kwa kukosa pumzi pamoja na mifugo yao, miaka miwili baada ya Ziwa Monoun la nchi hiyohiyo kuua watu 37. Wasemaji wa Kiswahili wa Goma na vijiji vya Virunga wanaijua hatari ya jamaa hiyo kwa jina la mazuku, yaani mabonde madogo ambamo hewa ukaa hutuama na kuua mnyama au mtoto anayeingia humo, na chini ya Kivu kumelimbikizana hewa ukaa na methani kwa wingi mno, kiasi kwamba Rwanda imekuwa ikiivuna methani hiyo kuzalisha umeme. Vipimo vilivyofanywa Ngosi vinatia moyo, kwa kuwa vinaonyesha kwamba maji yake huchanganyika kutoka juu hadi chini, hivyo gesi hupata njia ya kutoka kidogo kidogo bila kujikusanya.

Gesi hiyohiyo ndiyo inayoirudisha simulizi hii Kimara. Huko Rungwe, katika eneo la volkeno ya Kyejo, kampuni ya TOL Gases huvuna hewa ukaa inayotoka ardhini yenyewe, ikaisafisha na kuisafirisha kwa wateja wakiwamo watengenezaji wa soda. Na mapovu yanayopanda katika chupa inayofunguliwa kwenye kibanda cha Kimara Mwisho yanaweza kuwa yalianza safari yake katika zaha ya mlima ambao mnywaji hajawahi kuusikia. Kwa upande wa chakula, uhusiano ni wa wazi zaidi. Majivu ya volkeno yanapooza hutoa udongo wenye rutuba kubwa na wenye kushika unyevu, na ndiyo sababu malori yanayoteremka Kitonga usiku yamebeba viazi mviringo vya Uporoto, ndizi za Tukuyu, parachichi na chai ya Rungwe. Chipsi mayai ya Kimara, kwa sehemu kubwa, ni zao la milipuko ile ambayo wanajiolojia wanahangaika kuipangia tarehe. Huenda siku moja umeme wa taa zitakazowaka juu ya meza ya chipsi hizo ukatoka hukohuko, kwa kuwa Kampuni ya Uendelezaji wa Jotoardhi Tanzania, iliyo chini ya TANESCO, imeiweka Ngosi miongoni mwa maeneo yake ya kipaumbele kwa ajili ya jotoardhi, yaani nishati inayopatikana kwa kuuvuta juu mvuke wa maji yaliyochemshwa na mwamba wa chini. Uchambuzi wa kemia ya maji ya ziwa umewafanya wataalamu wakadirie kwamba joto la hifadhi iliyoko chini linazidi nyuzi 200 za Selsiasi.

Kabla ya kuondoka Rungwe inafaa kulitaja, walau kwa kifupi, Ziwa Masoko, dogo na la mviringo, lililo kusini mwa Tukuyu na ambalo kando yake Wajerumani walikuwa na kambi ya askari. Majeshi ya Waingereza yalipoiteka Neu Langenburg, ambayo leo ni Tukuyu, mwezi Mei 1916, Wajerumani walikuwa wamekwisha kurudi nyuma, na wenyeji husimulia mpaka leo kwamba kabla ya kuondoka walitupa fedha na mali zao ziwani. Wapo waliozamia kuitafuta hazina hiyo. Watafiti wa hali ya hewa ya kale, waliofuata matope tu, wamepata humo kumbukumbu ya mvua na ukame ya makumi ya maelfu ya miaka, na mwandishi wa kitabu hiki anaona kwamba hao ndio waliotajirika.

Lililo wazi ni kwamba Watanzania wamezoeshwa kuitazama kaskazini kila utalii unapotajwa, na barabara ya kusini imebaki kuwa njia ya mizigo, ya misiba na ya likizo za Desemba, ambapo mabasi hupita Uyole bila abiria hata mmoja kuuliza juu ya mlima ule wenye msitu upande wa kushoto. Kwa mkazi wa Kimara anayeweza kuchagua, Ngosi lipewe nafasi ya kwanza na Chala nafasi ya pili: Chala lina elimu kubwa zaidi ndani ya matope yake, lakini mtu anaweza kuliona bila kupanda sana, na sehemu ya thamani ya Ngosi imo katika jasho la kulifikia. Aende miezi ya kiangazi, kati ya Juni na Oktoba, kwa kuwa masika huifanya njia iteleze na ukungu hulifunika ziwa kutwa nzima. Aanze kupanda asubuhi mapema. Achukue mwongozaji wa kijijini na amlipe ipasavyo. Avae viatu vyenye kushika na abebe sweta, kwa sababu baridi ya Uporoto haina huruma kwa mtu wa pwani. Na akitaka kushuka hadi majini, amsikilize mwongozaji akimwambia hapana.